Utando wa dhahabu kwenye biti ya fundi: Dodoma ianzie hapa

Fundi mmoja wa Kizota ambaye huwa nampelekea kazi zangu za kutoboa vyuma huhifadhi biti za drili kwenye makopo mawili. Kopo la kwanza lina biti nyeusi za kawaida. La pili lina zile zenye rangi ya dhahabu, na hilo vijana wake hawaruhusiwi kuligusa bila kuomba. Siku moja alinionyesha moja iliyokwanguka ncha mpaka chuma cha ndani kikaonekana. "Hizi, mwalimu, rangi ikiondoka na biti imekwisha," aliniambia. Kisha akaniuliza kama hapa Dodoma kuna mtu anayeweza kuirudishia ile rangi.

Hakuna, kwa kadiri nilivyotafuta. Swali lake ndilo limenifanya niandike makala haya, kwa sababu ile rangi ni jambo kubwa kuliko duka la vifaa lilivyomweleza. Si dhahabu, wala si rangi ya kupaka kwa brashi. Ni utando wa nitridi ya titaniamu, unene wake mikromita chache tu, mgumu kuliko chuma unachokitoboa, na hauyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 2,950 za Selsiasi. Nitridi hiyohiyo ikitengenezwa vizuri na kupozwa hadi karibu nyuzi 268 chini ya sifuri, inaacha kabisa kukinza umeme. Inakuwa superkondakta. Yaani kwenye kopo la pili la fundi wa Kizota imo familia ya vitu vinavyotumiwa na maabara zinazohesabu chembe za mwanga moja moja na kusikiliza nyota zikizaliwa.

Familia hiyo huitwa nitridi za metali za mpito: titaniamu, zirkoniamu, hafniamu, vanadiamu, niobiamu na ndugu zao wa katikati ya jedwali la elementi, kila mmoja akiwa ameungana na nitrojeni, gesi inayochukua asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Atomu za nyingi kati yao zimejipanga kama zile za chumvi ya mezani, vijumba vya pembe nne vinavyopokezana metali na nitrojeni. Tofauti na chumvi, humu elektroni zinatembea huru, ndiyo maana kitu kigumu kama kauri kinang'aa kama metali na kupitisha umeme hata katika joto la kawaida.

Superkondakta ya kwanza iligunduliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1911, pale Heike Kamerlingh Onnes alipopoza zebaki hadi kelvini 4.2 (kelvini huhesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri) na kuona ukinzani wake umetoweka. Nitridi ya niobiamu ilifuata mwaka 1941 nchini Ujerumani, nayo ilishangaza kwa kufanya hivyo kwenye kelvini 16 hivi, kiwango cha juu sana kwa wakati ule. Nitridi ya zirkoniamu hufika karibu kelvini 10, zile za hafniamu na vanadiamu kati ya 8 na 9, na ya titaniamu inaishia 5 na kitu.

Namba hizo zinahitaji mizani ya nyumbani. Maofisa mifugo wa Mpwapwa na Kongwa wanaobeba mtungi wa nitrojeni kimiminika kwa kazi ya uhimilishaji wa ng'ombe wanaijua baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukikosea glavu, ngozi inabanduka. Hiyo ni kelvini 77. Kwa nitridi ya niobiamu, ndani ya mtungi ule bado ni joto kali. Inabidi kushuka nyuzi nyingine 61 ndipo elektroni zake zianze kushikana jozi jozi na kupita bila kugongana na chochote.

Hapa lazima nivunje tumaini moja ambalo nalisikia kila ninapozungumzia mada hii kwa wanafunzi. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, ukitaja umeme usiopotea njiani, mtu anaona treni inayoelea juu ya reli, au nyaya za kutoka Bwawa la Nyerere zisizopoteza hata wati moja. Nitridi hazitaleta hayo. Ni ngumu lakini zinavunjika, na kuzivuta ziwe waya wa kilomita ni kazi ambayo aloi ya niobiamu na titaniamu, isiyo na nitrojeni, inaifanya kwa urahisi zaidi. Kwa upande wa joto nako zilishapitwa: tangu mwaka 1986 kuna oksidi za shaba, na baadhi yake hufanya kazi ndani ya nitrojeni kimiminika, mtungi uleule wa ofisa mifugo.

Kwa nini basi maabara kubwa za dunia hazijaziacha? Ukizipima kwa kelvini peke yake hutapata jibu. Thamani ya nitridi inaonekana pale unapozifanya kuwa nyembamba kupita kiasi. Utando wa nitridi ya niobiamu wa nanomita 5 (nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni), yaani tabaka ishirini na kitu tu za atomu, bado ni superkondakta. Metali nyingi ukizikonda kiasi hicho zinapatwa na kutu, zinachanika, au zinaharibiwa na hewa. Nitridi inabaki ngumu, haibadiliki kirahisi, na inashika vizuri juu ya silikoni au yakuti ya maabara.

Tazama kinachofanyika na utando huo. Unakatwa uwe ukanda wa upana wa nanomita 100 hivi, unapindwapindwa kwenda na kurudi mpaka ujaze eneo dogo kuliko ncha ya sindano, unapozwa, kisha unapitishiwa mkondo wa umeme unaokaribia ukomo wa uwezo wake. Fikiria kundi la ng'ombe linalopita kati ya miiba kwenda lamboni. Njia ikiwa pana, jiwe moja katikati halizuii kitu, ng'ombe wanalizunguka. Njia ikiwa nyembamba na imejaa ukingo kwa ukingo, jiwe hilohilo linawabana waliobaki pembeni mpaka kundi lote linasimama. Kwenye ukanda, jiwe ni fotoni moja, chembe ndogo kuliko zote ya mwanga. Inapotua, nishati yake inavunja jozi za elektroni zaidi ya mia moja kwa mpigo. Mahali pale panapoteza usuperkondakta, mkondo unasukumwa pembeni, pembeni nako panazidiwa, na upana wote wa ukanda unageuka kuwa kikinzi. Volti inaruka juu, mashine inahesabu: moja. Baada ya nanosekunde kadhaa joto limeshatorokea chini kwenye kitako, jozi zimerudiana, na ukanda unasubiri fotoni nyingine.

Ukanda ungekuwa mnene, hesabu hii isingewezekana. Fotoni ingekuwa jiwe kwenye barabara kuu. Wembamba wenyewe ndio kifaa.

Kikundi kilichoongozwa na Gregory Gol'tsman wa Moscow kilichapisha kigunduzi cha aina hii mwaka 2001. Miaka 12 baadaye, shirika la anga la Marekani lilipojaribu kutuma data kwa leza kutoka kwenye chombo kinachozunguka mwezi, vigunduzi vya nitridi ya niobiamu vilikuwa duniani vikipokea mwanga huo hafifu, na data zikashuka kwa kasi ya megabiti 622 kwa sekunde kutoka umbali unaokaribia kilomita 385,000. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba kigunduzi cha namna hii kinaweza kutaja wakati fotoni ilipofika kwa kosa lisilozidi pikosekunde 3 hivi. Katika muda huo mwanga wenyewe husafiri chini ya milimita moja. Mimi ni mtu wa kuvutiwa na namba, na hiyo nimeirudia mara nyingi darasani bila kuchoka.

Kuna kazi nyingine ambayo nitridi inashinda kwa sababu iliyo wazi kabisa. Kila superkondakta ina kizingiti cha masafa: mawimbi yakivuka hapo yanazivunja jozi za elektroni, na kifaa kinaanza kupoteza nishati kama metali ya kawaida. Kwa niobiamu tupu kizingiti kiko karibu na gigahezi 700. Wajenzi wa darubini ya ALMA, iliyoko Chile kwenye nyanda za Atacama mita 5,000 juu ya bahari, walitaka kupokea mawimbi ya kati ya gigahezi 787 na 950. Niobiamu peke yake isingefaa. Wajapani waliotengeneza vipokezi vya masafa hayo waliweka nitridi ya niobiamu na titaniamu, ambayo kizingiti chake kiko juu zaidi. Chombo cha Herschel kilichorushwa na Ulaya mwaka 2009 nacho kilibeba nitridi ya niobiamu katika vipokezi vyake vya masafa ya juu kabisa.

Nitridi ya titaniamu, yenye kelvini chache kuliko ndugu zake karibu wote, imejipatia kazi yake kwenye saketi zinazotakiwa kupoteza nishati kidogo mno: vigunduzi vya kamera za darubini vinavyosomwa kwa maelfu kupitia waya mmoja, na sehemu za kompyuta za kwanta. Huko Japani, mwaka 2021, biti ya kwanta (si ya drili, bali kijisehemu kinachoshika taarifa ndani ya kompyuta hizo) iliyojengwa kwa nitridi tupu, za niobiamu na alumini, ilishikilia hali yake kwa wastani wa mikrosekunde 16. Na kuna undugu ambao wauzaji wa taa pale sokoni Majengo hawaujui: nitridi ya galiamu, iliyomo ndani ya balbu za LED, ina mpangilio wa atomu unaokaribiana kiasi kwamba mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliikuza juu ya nitridi ya niobiamu, semikondakta juu ya superkondakta, fuwele moja ikiendeleza nyingine.

Sasa nirudi Dodoma, kwa sababu hapa ndipo mjadala wa madini unapofanyika. Wizara iko hapa, Tume ya Madini iko hapa, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko hapa. Kaulimbiu ya kuongeza thamani inasikika katika karibu kila hotuba, na mimi ninaiunga mkono. Lakini kuna hoja moja ninayokutana nayo mara kwa mara ambayo haisimami: kwamba kwa kuwa Tanzania ina niobiamu kule Panda Hill, Mbeya, basi tayari tuna mguu mmoja ndani ya teknolojia ya superkondakta.

Piga hesabu. Nitridi ya niobiamu ina uzito wa takriban gramu 8.4 kwa sentimita moja ya ujazo. Gramu moja, ukiitandaza kwa unene wa nanomita 5, inafunika karibu mita 24 za mraba, chumba cha mita 4 kwa 6 kutoka ukuta hadi ukuta. Kigunduzi kimoja kinahitaji eneo la mikromita kadhaa tu kila upande. Vigunduzi vyote vilivyowahi kutengenezwa duniani visingeushughulisha mgodi hata kwa asubuhi moja. Soko la niobiamu ni chuma cha pua na chuma cha madaraja, mabomba na magari, na Brazil ndiyo inayolitawala. Panda Hill ikichimbwa, itachimbwa kwa ajili ya chuma, na hakuna aibu katika hilo. Ila tusidanganyane kwamba tani za mwamba zitageuka zenyewe kuwa nanomita za utando.

Wakulima wa zabibu wa mkoa huu wanalielewa jambo hili kuliko wataalamu wengi. Anayeuza zabibu shambani anaomba mnunuzi afike kabla hazijaoza. Aliyeungana na wenzake wakakamua na kuuza mchuzi wa zabibu ana miezi mkononi, anaweza kusubiri bei. Anayefungasha divai ana miaka. Shamba ni lilelile. Kilichoongezeka ni matangi, usafi, mtu anayejua uchachu, na uvumilivu wa kukosea misimu miwili mitatu ya kwanza.

Heliamu ni habari tofauti kidogo, na kwa upande wake nina matumaini zaidi. Baridi ya kelvini 4 kwa kawaida hupatikana kwa heliamu, na gesi hiyo inatokana na urani na thoriamu zinazooza polepole ndani ya miamba mikongwe. Miamba ya katikati ya nchi yetu ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, na urani imetafutwa Bahi na Manyoni. Tangazo la mwaka 2016 kuhusu heliamu ya Rukwa liliitikisa dunia ya hospitali na maabara kwa sababu nzuri: sumaku za mashine nyingi za MRI hupozwa kwa heliamu kimiminika. Hata hivyo vipoozeo vya kisasa huzungusha heliamu ileile kwa mzunguko uliofungwa, miaka nenda rudi, bila kuhitaji mtungi mpya kila wiki. Na hapo kelvini 16 za nitridi ya niobiamu zinarudi kuwa na maana: kifaa kinachoweza kufanya kazi kwenye kelvini 10 kinaridhika na kipoozeo kidogo na umeme mchache kuliko kinachodai 4. Maabara ya vipimo ya AIST huko Japani imejenga vipimo vya volti vya nitridi ya niobiamu kwa kuzingatia hilo hasa.

Kwa hiyo tuanze wapi? Msimamo wangu ni kwamba tuanze na biti ya fundi.

Namna ya kuweka utando wa dhahabu kwenye biti na namna ya kuweka utando wa superkondakta zinaweza kuwa moja. Unahitaji chemba ya chuma iliyoondolewa hewa kwa pampu. Ndani yake kuna bamba la titaniamu. Unaingiza gesi ya argoni kidogo, unaiwasha kwa volti mpaka ing'ae, ayoni zake zinagonga bamba na kurusha atomu za titaniamu. Nitrojeni uliyoichanganya inaungana nazo, na mchanganyiko unatua juu ya kila kilichowekwa mbele yake. Weka biti, utapata biti ya dhahabu. Weka kipande cha silikoni, ongeza usafi mara mia, na uko kwenye njia ya maabara.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba rangi yenyewe inafundisha. Nitrojeni ikipungua, utando unaelekea rangi ya fedha. Ikizidi, unageuka kahawia. Ikiwa sawa kwa sawa, unapata dhahabu. Upungufu huohuo wa nitrojeni ndio unaoshusha kelvini za usuperkondakta, kutoka zaidi ya 4 hadi karibu sifuri, na wajenzi wa kamera za darubini huutumia kwa makusudi kuchagua joto wanalotaka. Mwanafunzi wa VETA anayejifunza kwa macho kutofautisha dhahabu na kahawia ameanza kusoma kemia ileile inayosomwa na mtafiti wa chuo cha Caltech, Marekani, na anaisoma akiwa na mteja mlangoni anayesubiri biti zake.

Ningependa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na chenye fizikia, jiolojia na uhandisi wa madini katika eneo moja, kichukue chemba moja ya aina hii na kuiweka mahali ambapo mafundi wa Kizota wanaweza kufika na mfuko wa biti. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi ya tando nyembamba kwa ajili ya nishati ya jua kwa miaka mingi. Hatuanzi na ukurasa mtupu. Mwaka wa kwanza tupime ugumu na ukinzani katika joto la kawaida. Vipande vizuri vitumwe kwenye maabara rafiki zenye baridi, tujue vinageuka superkondakta kwenye kelvini ngapi. Kipoozeo chetu wenyewe kije baadaye, tukishakuwa na utando unaostahili kupozwa.

Najua hoja za upande wa pili, na baadhi ni nzito. Umeme hukatika, na pampu ya ombwe ikizimika ghafla katikati ya kazi, siku nzima imepotea. Vipuri vinatoka mbali. Kuna shule za mkoa huu zisizo na maabara hata ya kupima ukinzani wa waya wa shaba, na mzazi wa Chamwino ana haki ya kuuliza kwa nini fedha ziende kwenye nanomita. Jibu langu kwake ni kwamba chemba ya ombwe si mtaji wa watafiti peke yao. Anayejua kuziba uvujaji usioonekana, kusoma mita ya shinikizo dogo na kutunza pampu, ndiye huyohuyo anayehitajika mashine ya MRI inapoanza kupoteza heliamu, viwanda vinapofungasha chakula bila hewa, na mitungi ya uhimilishaji inapoacha kushika baridi. Leo mara nyingi tunamsubiri mtaalamu ashuke kwenye ndege. Gharama hiyo tunailipa tayari, ila hatuioni kwa sababu haijaandikwa mahali pamoja.

Nilipita Kizota wiki iliyopita nikamweleza fundi kwamba swali lake bado halina jibu, lakini siku chemba ikipatikana, jaribio la kwanza litahitaji biti zilizochakaa, za saizi tofauti, ambazo historia yake inajulikana: ilitoboa chuma gani, mashimo mangapi, kwa mafuta au bila mafuta. Alifikiri kidogo, akamtuma kijana dukani kuleta kopo tupu la maziwa. Biti iliyokwanguka ncha ndiyo aliyoitangulizia humo, na juu ya kopo akaandika tarehe kwa chaki.